Kitanda cha Kengele

Mke wangu ana magauni mengi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, na hakuna hata moja lenye mfuko. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo angekuambia kama mngekutana, kabla hata hajakusalimia vizuri. Mimi ni fundi cherehani, nashonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na nina msimamo wangu: mfuko huharibu gauni. Ukitia kitu ndani, upande mmoja unavutwa chini, mshono wa ubavuni unapinda, na mtu anatembea kama aliyeteguka nyonga. Suruali nazitia mifuko minne bila kuombwa. Gauni, hapana. Kwa hiyo kila nikimshonea jipya, husimama mbele ya kioo, hupapasa ubavuni huku na huku akitafuta, hapati kitu, kisha hunikata jicho.

"Siku ukipata cha maana cha kuweka mfukoni," nilimwambia wakati mmoja kwa utani, "nami nitakuwekea mfuko."

"Umemsikia mwanao, Mama?" akamuuliza mama yangu, aliyekuwa akikunja nguo pembeni.

"Nimemsikia," mama akasema. "Masikio yangu bado mazima."

Maneno hayo yakapita kama maneno mengine ya nyumbani. Sikujua kwamba kuna mtu anayahifadhi.

Kazi ya mke wangu ni ufundi wa mtandao katika hospitali kubwa. Wateja wakiniuliza kazi hiyo ni ya namna gani, huwaambia anashona kama mimi, ila yeye anashona majengo. Anapitisha waya juu ya dari, anaushusha ukutani, anauchomeka kwenye kompyuta ya daktari, na kompyuta ya daktari inaanza kuzungumza na ya maabara. Kule kazini wamempa jina la Mama Waya. Ana mikono midogo inayopita pasipopita mikono ya wengine, na ana mazoea ya kukagua taa. Vifaa vya mtandao vina vitaa vidogo vya kijani vinavyopepesa, naye huvisoma kama mimi ninavyosoma kitambaa kwa vidole. Hata akirudi nyumbani, macho yake huenda kwanza kwenye kile kisanduku cha intaneti kilicho juu ya kabati, ndipo yaje kwangu. Zamani nilikuwa naona wivu. Siku hizi nashukuru kuwa wa pili.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho: ufunguo. Vile vifaa vikubwa, ambavyo vikizimika hospitali nzima inakuwa kiziwi, vimefungiwa katika chumba cha mitambo, na kanuni yao inasema ufunguo wa chumba hicho hukaa na mwenye cheti cha mtandao, basi. Mwenye cheti alikuwa mmoja tu, Mkuu wa kitengo chao, mzee mpole mwenye tumbo la heshima, mteja wangu wa miaka mingi. Ufunguo ulikaa katika mfuko wa kulia wa suruali yake. Mfuko ule naujua kama kiganja changu, maana niliushona mimi mwenyewe, mrefu, kitambaa maradufu, ili ufunguo usitoboe.

Ubaya ni kwamba mfuko huenda anakokwenda mwenye suruali. Siku moja kompyuta za mapokezi zilikufa zote kwa pamoja, wagonjwa wakajaa mpaka nje, na Mkuu alikuwa amekwenda kula. Mke wangu alijua tatizo liko wapi. Alikuwa amelisikia hata, kwa sababu feni mojawapo ndani ya kile chumba ilikuwa imenyamaza. Akasimama mbele ya mlango, mkono kwenye kitasa, watu wakimuuliza Mama Waya unangoja nini, mpaka mzee aliporudi akijifuta mdomo. Kazi yenyewe haikuchukua hata muda wa kumenya chungwa.

Siku hiyo alirudi nyumbani hakutaka kula. "Kufungiwa nje ya kazi yako mwenyewe," aliniambia. "Hebu fikiria cherehani yako iwe inakaa kwa jirani, na jirani mwenyewe hashindi nyumbani."

Nilifikiria. Nikaona uchungu wake sawasawa.

Basi ikatangazwa kwamba Mkuu anastaafu. Mzee mwenyewe alimwita ofisini akamwambia waziwazi: nafasi yangu naona ni yako, hakuna anayelijua jengo hili kukushinda, lakini bila cheti mkono wangu mfupi. Upate cheti kabla sijaondoka, ufunguo nakukabidhi. Usipopata, watamleta mtu kutoka nje, nawe utaendelea kusimama mlangoni kumngoja yeye.

Mtihani wa cheti hicho si lelemama. Maswali ni mengi, muda ni mchache, unafanyia kwenye kompyuta, na ukishabonyeza kwenda mbele hakuna kurudi nyuma hata ungelia machozi ya damu. Alikwenda mara ya kwanza akiwa na matumaini tele, akaanguka. Wakampa karatasi inayoonyesha alivyofanya, sehemu kwa sehemu. Kote alikuwa amefanya vizuri, kutengeneza hitilafu ndiyo usiseme, ila mahali pamoja palikuwa pamelala chini kabisa: kugawa anwani.

Nieleze kidogo, maana nami nilielezwa mpaka nikaota. Kila kompyuta kwenye mtandao ina anwani yake, ambayo ni namba, kama nyumba zilivyo na namba. Hospitali inapewa fungu la namba, na fundi analikata vipande, hiki cha maabara, hiki cha wodi, hiki cha mapokezi, kama mimi ninavyokata jora moja nikatoa suti nne. Sasa katika kila kipande kuna namba mbili ambazo hapewi mtu. Ya kwanza ni jina la kipande chenyewe. Ya mwisho ni ya kuwaitia wote kwa pamoja. Zinazobaki katikati ndizo za kompyuta zenyewe, ambazo kwa lugha yao huitwa wenyeji. Kwa hiyo ukiulizwa wenyeji wangapi, unahesabu namba zote halafu unatoa mbili. Basi, ndiyo siri yote.

Mke wangu hilo alilijua fika. Angeweza kukuambia akiwa amelala. Lakini kujua ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Huyu ni mtu asiyeweza kuona kiti kitupu. Akipika, anapika na ya mpita njia. Akipakua, anapakua mpaka sufuria inakwaruza, kisha anagundua kwamba yeye mwenyewe hajabakiza. Mteja akija kupimwa akakuta viti vimejaa, mke wangu humwachia chake, yeye akakaa juu ya ndoo. Ndiyo tabia niliyompendea, siwezi kuanza kuilalamikia leo. Kumbe ndiyo iliyomwangusha. Kazini hesabu hizo hufanywa na simu yake, lakini kwenye mtihani simu inabaki nje, na yeye akiulizwa kipande cha namba sitini na nne kitachukua wenyeji wangapi, moyo unamjibia kabla ya akili: sitini na nne, wote waingie.

Akapiga moyo konde, akajiandikisha tena. Nyumba yetu ikageuka darasa. Alichapa vibandiko vya namba akabandika kila kitu: kabati, birika, redio, mlango wa choo. Cherehani yangu ilipewa anwani. Kochi ni mtaa mmoja na vitanda ni mtaa mwingine, na ili birika lizungumze na redio ilikuwa lazima apite mlangoni, kwa sababu mlango ndio lango la mtandao. Nilikuwa nikimwona mke wangu mtu mzima anasimama jikoni, anageuka, anahesabu vidole, anakwenda mpaka mlangoni, anarudi, anaigusa redio. Asubuhi moja nilikwenda dukani kununua uzi, muuzaji akaniuliza kwa adabu kama ninauzwa. Kibandiko kilikuwa mgongoni kwangu. Niliporudi kulalamika, mke wangu akasema afadhali nimerudi, alikuwa akinitafuta kwenye mtandao hanioni.

Sasa nifike kwa mama yangu, ambaye anaishi nasi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlezi wa bweni katika shule ya wasichana, na mpaka leo akiingia chumba chochote, hata cha daktari, anatazama kwanza kama kitanda kimetandikwa. Alasiri moja alikaa kwenye kiti chake karibu na meza yangu ya kukatia, na mke wangu akajisomea swali kwa sauti.

"Fungu limegawanywa vipande vinne vilivyo sawa, kila kimoja kina nafasi sitini na nne. Kila kipande kitachukua wenyeji wangapi?" Akafikiri kidogo. "Sitini na nne."

Kitabu cha majibu nilikishika mimi, mkono mmoja, na mkasi mkono wa pili. "Sitini na wawili," nikamsomea.

Akafunika uso. "Nimewasahau tena."

"Kina nani hao?" mama akauliza.

"Wawili, Mama. Kila mara nawasahau wawili."

Mama akaweka kikombe chini. "Na wamelala wapi siku zote hizo?"

Kicheko kilinijia mpaka kooni, mke wangu akanizuia kwa jicho. Mama alikuwa amesikia habari za vipande, nafasi, wenyeji, mgawanyo, na akili yake ikaenda ilikozoea kwenda. Kwa ufahamu wake, mkwe wake alikuwa anasomea ulezi wa bweni, na alikuwa amechelewa mno kuanza kazi ya maana.

"Si watoto, Mama," mke wangu akasema. "Ni kompyuta."

"Haya, ni kompyuta. Bweni lina vitanda vingapi?"

"Sitini na vinne."

"Halichukui sitini na wanne. Nani kakufundisha hivyo?" Mama akajiweka sawa kitini, na nikaona miaka inamtoka mabegani. "Kitanda cha kwanza, cha mlangoni, hakilaliwi. Pale mimi nilisimamisha kibao cha jina la bweni, anayekuja ajue amefika wapi. Na kitanda cha mwisho, cha dirishani, hakilaliwi. Pale nilikuwa naweka kengele. Nikimtaka mtoto mmoja, namfuata kitandani kwake. Nikiwataka wote, napiga kengele. Sasa wewe ukimlaza mtoto kwenye kitanda cha kengele, kila akijigeuza bweni zima linaamka."

Mke wangu alikuwa ameacha kupepesa macho. "Kibao na kengele," akasema polepole.

"Kibao na kengele. Unatoa viwili, ndipo unalaza watoto."

"Na akija mgeni, Mama, vingine vyote vimejaa, na kile cha kengele nakiona kiko wazi? Nimwache asimame?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo jingine kabisa, na mimi nikaacha kukata kitambaa, maana nilijua hapo ndipo penye kidonda.

"Asimame kwa nini? Mtafutie bweni lingine," mama akasema. "Huruma si kubananisha watu, mwanangu. Huruma ni kujua mapema wanakuja wangapi."

Mke wangu akainuka. Alichukua kalamu ya wino, akafuata kibandiko kilichokuwa kwenye kochi, mwanzo wa mtaa, akachora kibao. Akaenda mwisho wa mtaa, kwenye mto wa kuegemea, akachora kengele. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekaa kwenye pembe zile mbili za kochi letu. Mgeni akitaka kuketi pale, mama humwambia, "Hapo pana kengele," na mgeni huinuka bila kuuliza.

Toka hapo mambo yakachangamka. Wakati wa chakula mtu yeyote alikuwa na ruhusa ya kutupa namba mezani. Mimi nikitema tu, "thelathini na mbili," mke wangu anameza tonge anajibu, "thelathini." Mama anafuata, "Kibao?" "Mlangoni." "Kengele?" "Dirishani." "Wamekula?" "Wamekula." Swali hilo la mwisho halimo kwenye mtihani, lakini mama hakukubali liachwe. Kila siku mke wangu alikosea mara chache zaidi kuliko jana, na kila akipatia alikuwa anaimbaimba akiosha vyombo. Mimi nami ugonjwa ukaniingia, nikawa natoa wawili hata nikihesabu vifungo.

Na hapo ndipo lilipozuka la suruali. Mkuu alikuja kupimwa suti ya kuagwa nayo. Mke wangu alikuwa pembeni na maswali yake, mama kwenye kiti chake. Nikamzungusha mzee futi kiunoni, nikaisoma namba kwa sauti kama kawaida yangu.

"Mia moja na kumi na mbili."

"Mia moja na kumi," wakaitikia wanawake wawili kwa pamoja.

Nami nikaandika mia moja na kumi. Nyonga vivyo hivyo. Mapaja vivyo hivyo. Mkuu alitabasamu, akidhani ni heshima tunampa.

Aliporudi kujaribu, suruali ilipanda kwa shida, kifungo kikafungwa kwa dua. Mzee hakutaka kunivunja moyo. Akasema inampa umbo la ujana, akatia ufunguo mfukoni kama alivyozoea, akajaribu kuketi, na hakuketi. Akajaribu kuutoa ufunguo apunguze mbano, na mkono haukuingia. Mfuko ulikuwa umembana pajani kiasi kwamba ungeweza kuhesabu meno ya ufunguo kwa macho. Nikamlaza juu ya meza ya kukatia, mkuu mzima wa kitengo, anatazama dari, nikajaribu mimi, vidole vyangu vya kifundi vikagoma kwenye ukingo.

"Muite mwenye mikono midogo," Mkuu akasema kutoka mezani.

Mke wangu akaja. Akaingiza vidole viwili, akauvuta ufunguo taratibu kama anavyovuta waya ukutani, ukatoka. Akabaki ameushika. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuugusa. Alikuwa ameufumbata, anaitazama ngumi yake.

"Usiuzoee bado," Mkuu akasema kwa upole, akiwa bado chali.

"Siuzoei, Mzee," mke wangu akajibu, akakunjua vidole kimoja kimoja, akamrudishia. Kisha akaenda jikoni, nikasikia bomba la maji linafunguliwa na halifungwi. Nilimwachia mzee alale pale nikamfuata. Hakuwa analia. Alikuwa anaosha mikono tu. "Nisipofaulu safari hii," aliniambia, "nitauona ule ufunguo kila siku kwenye mfuko wa mtu nisiyemjua." Nikamshika bega. Niliogopa kama vile mtihani ni wangu.

Siku ya mtihani alivaa gauni lake la samawati, kazi yangu ninayojivunia kuliko zote, limekaa mwilini bila kosa. Mama alikataa kubaki nyumbani. Tukafika wote watatu kwenye chumba cha mapokezi, na msimamizi, dada mmoja mwenye uso wa kazi, akaanza kumpekua. Saa, vua. Hereni, vua. Simu, weka kwenye sanduku.

"Geuza mifuko nje."

"Sina mifuko."

"Hata mmoja?"

"Mume wangu ni fundi," mke wangu akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Msimamizi akamtazama yeye kwa huruma, mimi akanitazama vingine. Nikajitetea kwamba angalau nimewapunguzia kazi. Hakuna aliyecheka.

Mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye benchi, mama na mimi. Nilikuwa nimebeba kipande cha nguo nikitie lesi nisishikwe na mawazo, nikajichoma sindano mara nyingi kuliko nilivyoshona. Mama alitulia kabisa. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini watu wote wanaofanya mtihani wa bweni wamefungiwa kwenye chumba kisicho na kitanda, nikamwambia ndivyo wanavyofanya siku hizi, akatikisa kichwa.

Mke wangu alipotoka, uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Karatasi imekunjwa mkononi. Nikainuka kumpokea, akanipita kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa mama yangu, akachuchumaa mbele yake akamshika magoti.

"Mama," akasema, "wote wamepata vitanda."

"Na kengele?"

"Iko dirishani."

"Hakuna aliyelala juu yake?"

"Hakuna hata mmoja."

"Umefaulu au hukufaulu?" nikauliza, maana mimi ni mtu wa kawaida na nilitaka kusikia lugha ya kawaida.

"Amekwambia wote wamepata vitanda," mama akanijibu kwa ukali. "Unataka nini tena?"

Hapo mke wangu akacheka, na kile kicheko kikamgeuka kilio katikati, nami nikaona fahari mpaka macho yakaniuma, nikasingizia sindano. Alitusimulia tukiwa njiani. Maswali ya kugawa yalikuja mengi, akayalaza moja baada ya jingine. Hadi likaja moja muda umebaki kidogo, kipande cha thelathini na mbili, na majibu mawili yamekaa jirani, thelathini na thelathini na mbili, yanamtazama. Kidole kikaenda kwenye thelathini na mbili. "Nilikuwa naibonyeza," alisema, "mara nikamwona mtoto wa watu amelala amekumbatia kengele." Akacheka peke yake mle ndani, msimamizi akasogea kumchungulia, naye akahamisha kidole. Alipomaliza, kompyuta ikamuuliza kwanza kama amefurahia huduma yao, ndipo ikampa matokeo. Alisema pale ndipo alipotamani kuipiga teke.

Mkuu aliagwa kwa suruali niliyoiachia mshono ikapanuka, akaketi kwa raha zake zote. Sikuwepo kwenye sherehe. Ninachokijua ni kwamba jioni ile nilikuwa nimeinamia meza ya kukatia, nimetandaza kitambaa cha watu, na mkono mdogo ukapita mbele ya macho yangu ukaweka kitu juu ya kitambaa, katikati kabisa, mahali nilipotaka kupitisha mkasi. Kilikuwa ufunguo. Alisimama tu upande wa pili wa meza na gauni lake la samawati, mikono ikining'inia haina pa kwenda.

"Ahadi ni deni," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Na masikio yangu bado mazima."

Nikamwambia avue. Akajifunga kanga ya mama akakaa anatazama, na mimi nikaufumua mshono wa ubavu wa kulia, mshono ule mzuri, nikauona unakufa uzi kwa uzi. Nikakata mfuko mrefu, kitambaa maradufu, kama ule wa Mkuu. Nikaushona nikarudia juu yake, nikafunga uzi mwanzo na mwisho. Sikutoa kitu kwenye kipimo.

Akalivaa tena. Hakwenda kwenye kioo. Alitia ufunguo mfukoni, akatia na mkono wake juu ya ufunguo, akatembea kutoka kwenye meza mpaka mlangoni na kurudi, taratibu, kama mwenye nyumba anayekagua vyumba vyake. Gauni likavutika upande wa kulia, mshono ukapinda, kama nilivyosema miaka yote kwamba utapinda. Lilimpendeza.